Nyapara Wodini

Lea aliuminya mfuko wa mpira, akauachia, akauminya tena. Kila alipominya, kifua cha mumewe kilipanda, maana hewa iliingia kwa kijibomba alichotiwa kwenye tundu lililotobolewa kooni. Siku ya kwanza hofu ilimfanya Lea abane pumzi yake mwenyewe, mkono nao ukasimama, hata muuguzi Praxeda akamfokea: "Pumua wewe, dada, ndipo naye apumue!" Hakurudia kosa hilo. Wake wa wakata mkonge walimpokea kwa zamu, na walijivuna haswa. Pepopunda ilikwisha kumkunja Asheri, mume wa Lea, kama upinde, lakini wao walimpumulia kwa mikono iliyozoea kutwanga.

Na pepopunda hiyo ilitoka wapi kama si shambani? Mwiba wa mkonge ulimchoma mguuni, akaambiwa amalize safu yake kwanza.

Asubuhi moja, Asheri alipopata nafuu, daktari alimwekea kijibomba chembamba zaidi, akauondoa mfuko. Asheri akapumua mwenyewe, taratibu. "Akitaka kusema, ziba hili tundu kwa kidole. Kidogo tu," daktari akamwambia Lea. Lea hakuthubutu.

Akaingia Uweso, nyapara wa shamba, kofia kichwani.

"Poleni, Mama Benedikta," akamwambia Lea.

"Tumepoa."

"Mie nimetumwa tu. Bwana meneja kasema, asiyeitika jina asubuhi si mtu wa shamba. Chumba chenu cha kambini chatakiwa. Kesho kuna manamba, vibarua wa mkataba, washuka kutoka bara."

"Na wanangu nikawalaze wapi?"

"Waona mwenyewe. Huyu si wa kuitika tena."

Hasira ilimpanda Lea, na fahari nayo, kwani alijua alichokifanya kwa mikono yake.

"Mwite," akasema.

"Nani?"

"Asheri. Mwite kama mnavyoita majina kambini asubuhi."

Uweso akamtazama muuguzi Praxeda, aliyesimama kando ya kitanda, amwokoe. Praxeda akakunja mikono, akangoja. Basi nyapara akakohoa, akapaza sauti:

"Asheri Methusela!"

Asheri akavuta pumzi. Lea akaziba tundu kwa kidole.

"Nipo."

Sauti ilikwaruza, lakini wodi nzima iliisikia. Uweso akavua kofia bila kuambiwa.

Lea akaondoa kidole, mumewe apumue.

"Umesikia," akamwambia nyapara. "Nenda kaseme ameitika."