Nani Ametuamsha Leo

Siku tuliyomzika Amondi, binti yangu wa kwanza, shemeji zangu walileta spika kubwa kuliko mlango wetu hapa Igogo. Tangu alfajiri zilipiga nyimbo za kwaya. Watu walisema ni heshima. Mimi nilisikia kelele tu. Nikasema sizitaki, nikaambiwa mfiwa akae kwenye mkeka atulie.

Kelele za nini, na Amondi mwenyewe alikuwa mwimbaji? Nilimfundisha kuimba nikimwogesha kwenye beseni, hajajua hata kufunga kifungo. Naye akamfundisha mdogo wake, Jasmin, wakianika dagaa. Kila asubuhi Jasmin aliuliza kwa wimbo, “Nani ametuamsha leo?” Dada yake akajibu, “Yesu ametuamsha!”

Jeneza lilipofunuliwa ili tuage, niliinuka nikachomoa waya wa spika ukutani.

“Shemeji, una wazimu?” mmoja alinikaripia.

Katika ukimya ule Jasmin alisogea, akashika ukingo wa jeneza, akaimba, “Nani ametuamsha leo?”

Akangoja. Akaimba tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama alivyozoea kufanya dada yake akichelewa kuamka.

Nilipiga magoti nyuma yake nikaitikia, “Yesu ametuamsha.” Sauti ilikatika katikati, nikaanza upya mpaka nikamaliza.

Jasmin aligeuka, akanitazama kama mtu aliyekatizwa maneno.

“Mama,” akasema, “hapo anajibu Amondi.”