Bipu Tatu za Mama

Mtaalamu wa mitandao, ambaye wenzake wa maabara walimwita Mnara kwa urefu wake, aliketi mstari wa mbele akiomba jambo moja tu: mgeni rasmi asieleze utafiti wenyewe. Amtaje, amvishe nishani ya taifa, yaishe. Maana pembeni yake alikaa dada yake, na dada mtu hakujua.

Mama yao hakuwa mtu wa kuweka salio. Alikuwa akibipu: anapiga, inaita, anakata. Bipu moja, nakusalimu. Mbili, nipigie. Tatu, njoo, mambo yameharibika. Siku alipoanguka jikoni peke yake, alimbipu mwanawe mpaka roho ikamtoka, simu mkononi. Mwana hakusikia kitu. Msibani akamwambia dada yake, "Simu iliisha chaji." Dada akalia, akameza, akasamehe. Simu ya mama akabaki nayo dada. Hata leo ilikuwa mkobani.

"Hebu kaa vizuri. Tai imekwenda upande kama mkia wa mbuzi," dada alinong'ona, akiinyoosha. "Mama angekuwepo, angepiga vigelegele mpaka waite polisi."

"Niache, bwana."

Mgeni rasmi akashika kipaza sauti, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Ndugu zangu, si mnakumbuka bipu zilivyoisonga mitandao yetu? Huyu bwana kazitia dawa! Mtambo wake unaijua namba yenye mazoea ya kubipu. Anayebipu anasikia inaita, kumbe upande wa pili kimya! Kwa bahili dawa ni hiyo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mnara akahisi vidole vya dada yake vikiiachia tai, kimoja kimoja.

Alipanda jukwaani kwa vile miguu haikuwa na pengine pa kwenda. Akavishwa, akapeana mikono, akapigwa picha. Kutoka kule juu alimwona dada yake ameinamia simu kuukuu ya mama. Anapiga, anakata, anapiga tena. Mnara akaitoa yake mfukoni. Ilikuwa imejaa chaji. Haikulia wala kutetemeka.

Aliposhuka, dada alikuwa amesimama, mkoba begani.

"Nimekubipu tatu. Umezisikia?"

"Dada, tukae kwanza..."

"Nimekuuliza, umezisikia?"

"Sijasikia."

"Mimi nimesikia inaita," alisema dada. "Mama naye alisikia inaita, akawa anakungoja."

Akamwekea ile simu kiganjani, akaenda zake. Nyuma, mpiga picha alikuwa akimwita mshindi ageuke, atabasamu kidogo.