Vichwa vya Zamu ya Asubuhi

Mama Kokoto hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini afisa wa soko la hisa alipomwambia kampuni yake ndogo ya mgodi itafutwa sokoni jioni hiyo, macho yalimlowa. Sharti lenyewe lilikuwa moja tu: wanahisa wa kutosha kutoka kwa watu wa kawaida. Makampuni makubwa hayakosi usingizi kwa hilo, wanahisa wao ni kama siafu. Lakini yeye akifutwa, mtaji wa pampu mpya hataupata, maji yatameza shimo, na mgodi alioachiwa na marehemu mumewe utauzwa kwa bei ya kutupa.

“Wachimbaji wangu si wamenunua hisa?” aliuliza.

Afisa akamgeuzia kompyuta. “Naona mwanahisa mmoja mpya. Anaitwa Zamu ya Asubuhi.”

Mdogo wake Mama Kokoto, ambaye ndiye wakili wa kampuni, akajishika kichwa. Mama Kokoto akampigia simu mnyapara wa zamu hiyo palepale.

“Mama, si ulisema tununue? Tumenunua,” mnyapara alijibu, amejaa fahari. “Sisi zamu kila kitu pamoja. Chai pamoja, rambirambi pamoja, hata matusi yako tunagawana.”

“Jamani! Umoja ni nguvu, lakini leo umoja wenu utanizika!”

“Sheria inahesabu vichwa, si vikundi,” afisa alisema. “Na saa kumi tunafunga.”

“Vichwa?” Mama Kokoto akafuta macho. “Basi utaviona.”

Wachimbaji walikuja na lori la mgodi, helmeti kichwani, vumbi hadi kwenye kope. Mlinzi alijaribu kuwazuia kukanyaga zulia, akachoka mwenyewe. Hisa zikaanza kugawanywa, mmoja mmoja akiitwa kwa jina lake kamili, na hapo ndipo kichekesho kilipoanza, maana wenzake walimjua kwa lakabu ya mgodini tu.

“Kumbe Baruti ana jina la nabii!” mmoja alipiga kelele, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mnyapara alikuwa wa mwisho. Alishika kalamu, asiandike.

“Peke yangu, mama?”

“Peke yako, baba. Hata kaburini hatuingii zamu nzima.”

Akatia saini. Afisa akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Mmetimiza. Mnabaki sokoni.”

Helmeti zilirushwa hadi darini. Wakili alivua tai akaipunga kama bendera, na Mama Kokoto akalia waziwazi, kwa furaha, bila kumwonea mtu haya.

Afisa, mtu wa sheria hadi mwisho, akaongeza, “Na kuanzia leo, kila mwanahisa ana haki ya kumuuliza mkurugenzi swali.”

Mnyapara akakohoa kidogo. “Mimi mwanahisa, kwa jina langu mwenyewe, nauliza. Chai ya zamu mbona haina sukari?”

“Kesho itakuwa nayo, bosi wangu,” alisema Mama Kokoto, na walipofika kwenye lori akamwachia kiti cha mbele.