Waliokiri

Ofisini walimwita Hakimu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Kazi yake, katika kampuni ya mchezo wa kompyuta, ilikuwa kusoma rufaa za wachezaji waliofungiwa akaunti kwa wizi. Maana hata mchezo wa kompyuta una wezi wake: mtu anaweka programu ya kumwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta, kisha anajisifu ana macho makali. Wezi hao walinaswa na programu ya ulinzi ambayo wafanyakazi waliipachika jina la Bawabu. Bawabu akikamata, Hakimu anahukumu. Lakini tuseme ukweli, hakuwa akihukumu lolote. Alikuwa na majibu matatu yaliyokwisha kuandikwa na dakika mbili kwa kila rufaa, na jibu alilolibonyeza zaidi lilisema uamuzi wa kampuni ni wa mwisho.

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi wa kompyuta, mtu mnyoofu mpaka anaudhi. Ukimsifu kwa kazi aliyoifanya fundi mwenzake, atakukatiza na kukutajia jina la huyo mwenzake. Mashine yake mwenyewe aliiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotumiwa na wachache, miaka mingi iliyopita, na kila Jumamosi asubuhi aliitumia kucheza mchezo wa kampuni ya mdogo wake, akilinda ngome pamoja na watu wanne ambao hajawahi kuwatia machoni. Miaka tisa mfululizo. Wenzake walimwita Babu kwa kuwa aliwazidi wote umri, wakamwachia lango. Nahodha wao, mama mmoja muuguzi, alizoea kusema kwamba Babu akiwa langoni wengine wanaweza kusinzia.

Basi Bawabu akaongezewa makali mapya, na Jumatano asubuhi kaka mtu akapiga simu.

"Mdogo wangu, mmenifungia."

"Nani amekufungia?"

"Nyinyi. Mnasema naiba."

Hakimu akafungua faili la kaka yake, jambo ambalo sheria ya kazi ilimkataza, kwa kuwa ndugu hashiki faili la ndugu. Ushahidi wote ulikuwa mstari mmoja: mazingira yasiyotambulika. Asubuhi ile alikuwa ameshakataa rufaa kumi na tisa zenye mstari huohuo, na wote kumi na tisa walikuwa wameandika kwamba wanatumia Linux. Angesimama kidogo akajiuliza, angeona. Hakusimama. Dakika mbili ni dakika mbili, na Bawabu alikuwa hajawahi kukosea, au ndivyo walivyoambiwa.

"Kaka, sikiliza. Kwenye fomu ya rufaa, chini kabisa, pana kisanduku cha kukiri. Weka tiki."

"Nikiri nini?"

"Ni fomu tu. Anayeisoma ni mimi."

"Sijaiba."

"Najua hujaiba. Lakini ukibisha watakufungia maisha, ukikiri ni siku thelathini. Nusu shari kuliko shari kamili. Niamini, mimi niko ndani."

"Haya," kaka mtu akasema, na tiki ikaingia. Hakimu akaipitisha kwa mkono wake, akarudi kwenye kazi yake akiwa na furaha ya mtu aliyemfaa nduguye.

Wiki mbili baadaye wahandisi waligundua kwamba kosa lilikuwa la Bawabu. Makali yale mapya hayakuijua Linux, na kila asichokijua Bawabu alikiita mwizi. Kampuni ikatoa tangazo refu lenye maneno laini, ikaahidi kuwarudisha wote mia nne na kumi na wawili. Mkuu wa zamu akaja mezani na orodha. Majina manne yalikuwa yamekatwa mstari.

"Hawa je?" Hakimu akauliza, ingawa alishaliona la tatu, la kaka yake.

"Hao walikiri wenyewe. Mtu ambaye hajaiba akiri ili iweje?"

Mkuu wa zamu hakuwa mtu mbaya, na swali lake lilikuwa swali la haki. Jibu lilikuwa mdomoni mwa Hakimu, limeiva: huyu ni kaka yangu, mimi ndiye niliyemwambia akiri. Angelitoa, kabla ya chakula cha mchana angekuwa nje na mkoba wake. Akasema, "Kweli." Neno moja tu, na likamkaa rohoni tangu hapo.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye karakana ya kaka yake. Alimkuta na bisibisi, amefungua mashine ya mteja, saa ambazo miaka tisa yote alikuwa langoni.

"Nahodha ameniandikia," kaka mtu akasema. "Kwa adabu kabisa. Anauliza mbona watu wa Linux wote wamerudi isipokuwa mimi. Ameingia kwenye ukurasa wangu, pameandikwa: alikiri."

"Umemjibu nini?"

"Bado. Wameshaweka mtu mwingine langoni." Akalegeza skrubu moja, akaiweka kwenye kifuniko. "Mkuu wako anajua ni nani aliyenituma nikiri?"

Hakimu akatikisa kichwa.

"Nitamwandikia nahodha mimi mwenyewe," akasema. "Nitamwambia hukuiba."

"Utamwambia sikuiba, ila nilisema nimeiba. Atajua mimi si mwizi, ni mwongo. Na hilo ni kweli, nilidanganya. Tangu nizaliwe sijaweka jina langu kwenye kitu cha uongo, nikaliweka pale."

"Kaka, kampuni ndiyo iliyokosea."

"Kampuni yenu sikuiamini hata siku moja," kaka mtu akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikuamini wewe."

Kisha akarudi kwenye mashine ya mteja. Hakimu alisubiri aongeze neno, hata la kumfukuza, na kaka yake akaendelea kufanya kazi kana kwamba pale karakanani yuko peke yake.