Mishumaa ya Seoul

Léocadie alikuwa msusi katika duka la nywele la mwanamke wa Kikorea, Mama Yun, karibu na Joubert Park, Johannesburg. Juu ya mawigi ukutani palikuwa na televisheni iliyoshika stesheni za Korea, ikiwaka kutwa nzima. Mwaka 2016 ulipokuwa ukielekea mwisho, kila Jumamosi ilionyesha jambo lilelile: umati umefurika barabara za Seoul, mishumaa mikononi, ukimtaka rais aondoke.

Damien, mdogo wake Léocadie, alikuwa mlinzi wa jengo la jirani. Zamu yake ikiisha alikuja kusimama mbele ya televisheni hiyo, kofia ya kazi ingali kichwani.

"Yaya, angalia," alisema siku moja, akimwita kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Watu wamebeba watoto mabegani. Polisi wanatazama tu! Na kule kwetu Kongo, muda wa rais unaisha Desemba na hataki kutoka. Sisi tunashindwa nini?"

Mama Yun aliuliza kijana anasema nini. Léocadie alipomweleza kwa Kiingereza, mama huyo alizima televisheni. Hakuwahi kuizima mchana.

"Mwambie akae."

Akaanza kusimulia, Léocadie akitafsiri. Alizaliwa Gwangju. Mwaka 1980 majenerali walikuwa wameshika nchi. Wanafunzi wakaingia barabarani, na jeshi likatumwa mjini. Kaka yake alikuwa chuoni. Mama yao alimfichia viatu ili asitoke. Akavaa vya baba, vilivyompwaya, akaenda. Walimtafuta hospitali baada ya hospitali, kisha kwenye ukumbi wa michezo uliojaa majeneza. Hawakumpata hadi leo. Na kwa miaka mingi askari kanzu walifika nyumbani kumwonya mama aache kuuliza.

"Hao wenye mishumaa hawapigwi risasi leo kwa sababu sisi tulishapigwa," Mama Yun alimwambia Damien. "Kwenu je, risasi zimekwisha?"

Damien alishukuru kwa adabu, akatoka.

Hakuonekana tena dukani. Léocadie alipomfuata kwenye chumba alichopanga mtaa wa Berea, alikuta kitanda kimetandikwa vizuri mno, na Octave, aliyeishi naye, ameinamisha kichwa.

"Amepanda basi la kwenda Lubumbashi. Eish, yaya, nilimkataza."

Damien alipiga simu alipofika. Alikuwa anacheka. Vijana wa mtaa walikuwa wamekubaliana kuandamana kwa mishumaa, bila jiwe wala fimbo. "Usilie," alimwambia dada yake. "Waambie na kanisani watuombee."

Siku ambayo rais wa Kongo alitakiwa kuondoka ilipokaribia, WhatsApp ilizimwa nchini kote. Siku ya pili yake redio ilitaja milio ya risasi Lubumbashi. Simu ya Damien haikupatikana. Aliyepatikana ni binamu yao Placide, akinong'ona: askari walimtupa Damien ndani ya lori pamoja na wenzake, na kila anayeulizwa lilikoelekea anageuka kando.

Mama Yun hakumpa maneno ya faraja. Kila asubuhi aliuliza, "Amepatikana?" Léocadie akitikisa kichwa, mama huyo alimshika mkono kwa muda, kisha wakafungua duka.

Katikati ya Januari, Léocadie akiwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, namba asiyoijua iliita.

"Yaya."

Alipiga yowe la furaha. "Damien! Uko wapi? Umekula? Wamekutoa?"

"Niko nyumbani." Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka taratibu, kama mtu anayesomewa maneno ya kusema. "Sikuandamana. Nilikuja kusalimia familia. Ukiulizwa, sema hivyo."

"Nani ataniuliza? Mimi niko Johannesburg."

"Wanajua duka unalofanyia kazi, yaya."

Nyuma yake mwanamume alikohoa, akasema jambo kwa sauti ya chini. Simu ikakatika.

Mteja alikuwa akimtazama kwenye kioo. Mama Yun alisogea karibu.

"Yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Léocadie. "Ila wanalijua duka hili."

Mama Yun alikwenda mlangoni, akatazama barabara upande huu na upande ule, akaufunga kwa ufunguo.