Vinyeti ya Pikipiki Yenye Ilikuwa Inalala

Pikipiki ya Muzee Nahayo ililala misimu miwili ya mvua ndani ya nyumba, pale Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, katikati ya kitanda na magunia ya makaa, imefunikwa na shuka ya zamani. Bageni bakiingia banafikiri kuna mgonjwa pale chini, banaanza kusema pole pole. Rosalie, bibi ya Nahayo, anabaambia: "Semeni tu kwa nguvu, haisikii. Njo ile mashini yenye ilivunja bwana yangu mguu. Sasa nayo inapumzika, kama yeye."

Mbele ya kuvunjika mguu, Nahayo alikuwa mtu wa maharagwe. Asubuhi anapanda pikipiki yake anaenda Madisi, anazunguka kwa balimaji, anauma maharagwe moja moja na meno, maana haragwe yenye haijakauka inalia namna yake na yenye imekauka inalia namna yake, kisha anarudi na gunia nyuma, anauzisha ndani ya soko ya kambi. Haukuwa utajiri. Lakini Akeza, binti yao, alivaa viatu, na Rosalie hakuwa anachungulia sufuria ya jirani. Mguu ulipovunjika, ile yote ikaisha. Na posho ya kambi mnaijua, inapunguka kama sabuni ndani ya maji. Sasa mguu ulikuwa umepona, umebakia tu na ubishi wake wakati wa baridi, na Nahayo akasema: narudi barabarani, tusife na njaa na pikipiki iko ndani ya nyumba.

Akamwita Ganza, makanika, akaifunua ile shuka. Ganza akasafisha karbureta, akapuliza, akatukana kidogo, pikipiki ikakohoa, ikawaka. Rosalie akakimbia nje juu ya moshi. Bantu bakakuja kuangalia.

"Muzee, inatembea," Ganza akasema, mikono mafuta mpaka kwa kiwiko. "Lakini usikanyage barabara bila kulipa kodi. Ile kodi inazaa. Ukiacha mwaka moja inazaa faini, na faini nayo inazaa."

"Lakini ilikuwa inalala!" Nahayo akasema. "Haikukanyaga hata jiwe. Kodi ya barabara ni ya barabara, hapana? Na kitanda yangu nayo nilipie?"

"Kama kitanda yako iko na plaki ya namba, lipa."

Bantu bakacheka. Nahayo naye alicheka, na alikuwa na sababu ya kucheka. Sababu yake ilikuwa Norbert.

Huyu Norbert, nibaambie vizuri. Yeye na Nahayo balitoka komini moja kule Burundi, bakakimbia pamoja, bakalala chini ya hema moja miaka ile ya Tanzania, bakafika Malawi pamoja. Akeza alipobatizwa, mikono yenye ilimshika ilikuwa ya Norbert. Baadaye Norbert akaoa mama wa Kimalawi, banamwita Nabanda, akahamia Chilinde, kule Lilongwe, akafungua kibanda cha kuuzisha matairi. Nahayo aliponunua pikipiki, karatasi yake ya mukimbizi ilimsumbua kwenye gishe, dirisha ya ofisi ya barabara. Akafanya kama bengi ndani ya kambi banavyofanya: pikipiki ikaandikwa kwa jina ya Mumalawi. Kwa jina ya Nabanda. Kati yabo hakuna aliyeandika kitu. Nahayo alisema: "Tuandikiane nini, sisi? Mtu mwenye alimshika mtoto wangu kwa maji ya Mungu, nimuombe sahihi?"

Na siku ile mguu ulivunjika, Norbert alifika hospitali na machungwa, akalia machozi ya kweli kabisa. Kisha akasema: "Mukubwa wangu, plaki ya pikipiki nipatie. Nitaipeleka ofisini, baandike kama pikipiki inalala. Ivi kodi haitazaa." Akaenda mwenyewe nyumbani na spana yake, akafungua plaki, akaenda nayo. Nahayo alimshukuru mpaka sauti ikakauka. Mtu yuko na shida zake mjini na bado anafikiria kodi ya mwenzake!

Kwa hiyo Nahayo hakuogopa faini. Akapiga simu.

"Norbert, ndugu yangu, nimepona. Nakuja kulipa ile vinyeti ya kodi ya barabara, na kuchukua plaki."

Kule upande mwingine Norbert akajibu haraka:

"Usije, mukubwa. Na mguu ule? Mjini bantu banasukumana. Mi mwenyewe nitashughulika. Ngoja kidogo."

Ile ngoja kidogo ilianza mahindi yakiwa ya kuchoma, ikaendelea mpaka yakakauka shambani, bakavuna, bakapukusa. Kila akipiga simu: ngoja kidogo, mukubwa.

"Huyu anangoja nini?" Rosalie akauliza.

"Anahurumia mguu wangu."

"Mguu wako unatembea mpaka kwa banywa-pombe, unashindwa kufika Lilongwe?"

Nahayo akaona bibi yuko na haki. Pia akaona haya kumuhangaisha mtu mwema na simu. Akasema, nitaenda mwenyewe nimalize, kisha nipite kwake nimwambie pumzika sasa, kazi imeisha. Akauzisha nguruwe yabo, akavaa koti ya misa, akachukua ile disiki ya zamani, ndio jina Bamalawi banaita vinyeti, akashuka Lilongwe.

Ofisi ya barabara ilikuwa na msururu. Kwenye gishe kulikuwa msichana mupole, na Nahayo akaongea naye na Chichewa yake ya sokoni, ile ya kununua maharagwe. Akamueleza yote, kuanzia mguu. Bantu nyuma yake banapumua. Akamwambia pikipiki ilikuwa inalala, plaki iko hapa kwenu, sasa imeamuka, nimekuja kulipa.

Msichana akaangalia ndani ya mashini yake. Akaangalia tena.

"Baba, plaki hatuna. Hakuna mwenye aliileta. Na hii pikipiki hailali. Imelipiwa."

"Imelipiwa namna gani?"

"Mwaka jana imelipiwa. Mwaka huu pia, imelipiwa mbele ya siku. Hauna deni yoyote. Enda nyumbani, baba."

Nahayo akabaki anashika mbao ya gishe. Halafu uso wake ukafunguka. Norbert! Norbert alikuwa analipa! Njo maana alikuwa anasema usije: alikuwa anaogopa atajulikana. Kuna bantu ba vile, banakusaidia na banajificha kama bezi. Na plaki? Ah, plaki ameitunza kwake, ameona ni salama zaidi. Nahayo aligeuka kwa msururu, akamwambia mtu wa nyuma, mtu hata hamjui: "Niko na rafiki, bwana! Niko na rafiki!" Yule akasema zikomo, kama kusema nipishe, akasogea kwenye gishe.

Na pesa ya nguruwe ilikuwa bado mufukoni. Akapita sokoni, akanunua nyama ya ng'ombe ya mufupa, ile Norbert anapenda, akanunua na fanta ya batoto. Akatembea mpaka Chilinde na mguu wake, hakuona hata njia. Alikuwa anapanga maneno. Alitaka kusema kitu kizuri, si asante tu ya kila siku.

Alimukuta Norbert mbele ya kibanda, anapiga hesabu na kijana mwendesha kabaza, ile pikipiki ya kubeba bantu. Kijana alikuwa amekaa juu ya pikipiki nyekundu, ya Kichina, kama ile ya Dzaleka kabisa. Nahayo akaizunguka kusalimia. Na nyuma ya pikipiki akaona plaki, na kwenye kona yake mahali palipokunjwa, pale yeye mwenyewe aligonga mlango wa godauni Madisi. Mtu hasomi sana, lakini plaki yake anaijua kama anavyojua meno yake.

Akasimama. Nyama ilikuwa inadondosha damu kidogo kwa kiatu yake.

"Norbert," akasema, "hii ni yangu."

Norbert akamwambia kijana: "Enda ukunywe chai." Kijana akaenda. Kisha Norbert akacheka, ile kicheko ya mtu anayetafuta mlango.

"Mukubwa! Si ungeniambia unakuja. Pikipiki si yako, yako iko Dzaleka. Hii nilinunua ya mpakani, haina karatasi. Plaki yako ilikuwa inakaa bure. Nikaona, kwa nini ioze?"

"Uliniambia umepeleka ofisini."

"Nilitaka kupeleka."

"Ulinihurumia mguu. Mahindi yote mpaka yakavunwa, ulikuwa unanihurumia mguu."

Hapo Norbert akakasirika, maana mtu akikosa njia anakasirika. "Na kodi nani alilipa? Sema! Mwaka jana nani? Mwaka huu nani? Mimi! Ungekuwa na faini mpaka kwa nywele. Badala ya kunishukuru unakuja kunisimamia kama polisi!"

"Njo nilikuja kwa hiyo," Nahayo akasema pole pole. "Nilikuja kukushukuru." Akanyanyua nyama, amuonyeshe.

Norbert akaangalia ile nyama.

Nabanda alikuwa ametoka ndani, anapanguza mikono na chitenje. Alipoona Nahayo, akashika mdomo.

"Muzee! We unatembea?"

"Natembea, shemeji. Hautaki nitembee?"

"Hapana, ni..." Akamwangalia bwana yake. "Norbert alisema ulimuuzia namba ya pikipiki. Alisema mguu umeoza, umekata tamaa, hautamaliza mwaka. Mi niliomba kanisani juu yako."

Pale njo kisu kiliingia. Plaki ni bati. Lakini Nahayo alisimama pale Chilinde, jua linapiga, na akaelewa: kuna mtu alikuwa amemzika tayari, akagawa vitu vyake, na jioni anapokea simu yake anasema mukubwa wangu, ngoja kidogo. Ngoja kidogo ya kufanya nini? Ya kufa.

"Baba Akeza," Norbert akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa, "tukae chini tuongee. Nitakupa kitu kila wiki, juu ya namba. Sote tunakula. We pumzika tu."

"Nipumzike," Nahayo akasema.

Karatasi ya makubaliano hana. Angeenda kwa polisi angesema nini, mukimbizi, pikipiki yenye haiko kwa jina yake? Norbert alijua ile. Njo maana alikaa na mikono kwa mufuko.

Aliyefanya kazi ni Nabanda. Aliingia ndani, akatoka na spana, akapiga magoti nyuma ya ile pikipiki ya mpakani, akaanza kufungua. Norbert akasema, "We mama, unafanya nini?" Nabanda hakugeuka. "Jina yenye iko ofisini ni jina yangu," akasema. "Nataka namba irudi kwa mwenyewe." Akatoa na ile disiki mpya kwenye kiboksi yake, akafunga vyote na gazeti, akampa Nahayo na mikono miwili, magoti chini, kama banavyofanya mama ba hapa.

"Ngoja nipike nsima, muzee. Ukule ndio uende. Hata maji basi."

Nahayo akampa nyama na fanta. "Ni ya batoto," akasema. Maji hakunywa. Kwetu, mtu akikataa maji kwa nyumba ya mwenzake, hakuna maneno ya kuongeza, na Norbert, mtu wa komini yake, aliona vizuri. Akamfuata mpaka barabarani, anaita: mukubwa, mukubwa. Nahayo alitembea na gazeti yake chini ya koti.

Nyumbani Rosalie aliuliza, baba wa ubatizo wa Akeza hajambo? Nahayo akamwambia yote. Rosalie alitukana kwa Kirundi, matusi yenye hata hayako na Kiswahili yake, kisha akalia. Akeza aliambiwa kesho yake tu.

Ganza akafunga plaki. Siku ya soko, Nahayo akashika njia ya Madisi, magunia matupu nyuma. Kwenye kizuizi polisi akamsimamisha, akasoma disiki, akasoma karatasi.

"Mumelipa vizuri, muzee, mbele ya siku. Bengi habafanyi ivi. Huyu Nabanda mwenye jina ni nani wako?"

"Ni mama wa Chilinde. Mama wa roho nzuri sana."

"Na bwana yake?"

Zamani angesema, akasimama hata hapo barabarani kueleza: hema, Tanzania, ubatizo, yote. Polisi angechoka kumsikiliza.

"Bwana yake," Nahayo akasema, "simjui."

Polisi akamrudishia karatasi. Nahayo akapiga pikipiki teke, ikawaka, akaenda kutafuta maharagwe.