Ndege Namba Ishirini na Saba

Kuna watu wanalipwa kwa kusema, na wapo wanaolipwa bila kufanya lolote. Yeye, kwa miaka kumi na tisa, alilipwa kwa kunyamaza na kusikiliza. Msitu ulikuwa na vituo ishirini, kila kimoja mti uliofungwa utepe wa buluu na kupigiliwa kibati chenye namba. Asubuhi husimama chini ya mti, huminya saa yake ya mkononi, na kwa dakika kumi huandika kwenye fomu kila ndege aliyemsikia. Macho hayakuwa na kazi sana kwenye majani mazito kama yale. Darubini ilikuwa pambo la shingo. Wenzake walimpa jina la Masikio, na jina likamganda.

Wenzake hao walishaondoka. Mmoja alipata kazi mjini, wawili walipunguzwa, mpishi akastaafu. Mkewe naye alifariki mwaka wa tano sasa. Kambi ya vitanda vinne ikabaki na mtu mmoja, na vitanda vitatu vikalaliwa na maboksi ya fomu. Ilifika mahali akawa anaaga mlango akitoka.

Mbaya zaidi, hata msitu ulikuwa umemnunia. Zamani kituo cha nne asubuhi kilikuwa vurumai tupu. Sasa alisikia njiwa na hondohondo, na basi. Vijidege vidogo vilipotea kimoja baada ya kingine, na wa mwisho alikuwa namba ishirini na saba kwenye orodha, kindege cha kijani kisichozidi kidole gumba, ambaye hakuna msitu mwingine wa karibu uliokuwa naye. Kwa ajili yake mabonde ya kaskazini yalikuwa yamefungwa, wakata mbao wasiguse. Miaka miwili mfululizo Masikio alimwandikia sifuri, na kila sifuri ilimuuma kama msiba.

Saa nayo ilimsaliti. Ilikuwa ilie dakika kumi zikiisha, lakini ilikuwa bubu. Akabadilisha betri mara mbili, kisha akaenda kumgombeza mwenye duka mbele ya wateja kwamba anauza betri feki. Tangu siku hiyo sabuni na sukari alinunua duka la mbali, nusu saa zaidi kwa miguu, kwa ukaidi tu.

Na simu, usiseme. Binti yake, fundi cherehani huko mjini, alikuwa na sauti nyembamba kama ya marehemu mama yake, na akipiga, maneno yalifika nusunusu. "Mtandao wa huku bure kabisa," baba humwambia. "Niandikie tu, mwanangu." Yeye mwenyewe vidole vilikuwa vinene kwa vile vitufe, kwa hiyo alimtumia sauti iliyorekodiwa, naye binti akajibu kwa maandishi. Ndivyo walivyoishi.

Jumatatu ikaingia barua ya Daktari, mkuu wa utafiti. "Mwisho wa mwezi namfuta namba ishirini na saba kwenye orodha, na mabonde yatafunguliwa. Sitaki kukosea. Wewe ukisema hayupo, hayupo." Masikio alikaa na barua ile kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Kisha akajibu kwamba hayupo.

Kesho yake, akiwa amemaliza kituo cha nne, aliwasha simu akamrekodia binti maneno mawili matatu. Hajambo, mafua yamepungua, watoto wasalimie. Jibu lilikuja kabla hajafunga begi.

"Nashukuru baba. Ila huyo ndege anayekupigia kelele hapo ni ndege gani? Analia kama cherehani yangu ikitaka mafuta, mpaka maneno mengine sikuyapata."

Alicheka peke yake. Akaandika, herufi moja moja: "Hapa hapana ndege."

"Baba. Yupo. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Kicheko kikamkauka. Mwenye sauti ya namna hiyo msituni alikuwa mmoja tu.

Akainua darubini. Alitafuta tawi kwa tawi mpaka mikono ikauma, na mwishowe akampata, wa kijani, mdogo, amekaa juu kidogo tu ya kibati cha namba nne. Koo lilikuwa likitetemeka. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka tena, na hapakuwa na sauti yoyote.

Alishusha darubini, akaitega saa dakika moja na kuishika karibu na sikio, jicho kwenye kioo. Namba zilishuka mpaka sifuri, kioo kikawaka na kuzimika, kikawaka na kuzimika, kama ifanyavyo saa inayolia. Akamkumbuka mwenye duka, na aibu ikampanda mpaka usoni.

Alifurahi pia, tusimwonee. Kindege kilikuwa hai, na moyo wake ulikuwa ukiruka. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko furaha. Angeweza kuandika moja kwenye fomu, amwambie Daktari kwamba ndege karudi, na kesho aendelee na kazi. Nani angejua? Akisema ukweli, atarudishwa nyumbani, na nyumbani kwake palikuwa papo hapo kwenye kitanda cha nne. Kisha akawafikiria wale wengine wote, vijidege alivyovizika vikiwa hai mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wake mzuri.

Akapiga magoti, akaweka fomu juu ya paja. Kwenye nafasi ya maelezo, ambako siku zote huandika mvua kidogo au upepo, aliandika: "Namba 27 yupo. Ameonekana, hakusikika. Barua yangu ya jana si kweli. Sifuri zangu za miaka ya karibuni msizitumie. Mabonde yasifunguliwe. Msikilizaji hasikii." Akaipiga picha na kuituma kwa Daktari kabla ujasiri haujamtoka.

Simu ikatikisika mkononi. Alikuwa binti. "Baba, umemwona?"

Juu ya kibati mdomo bado ulikuwa ukifunguka na kufumba. Masikio alikaa chini, akaegemea mti, akaandika taratibu kwa vidole vyake vinene.

"Nimemwona. Hebu niambie tena analiaje."